Mwongozo kamili wa kusimulia hadithi za wanyama: kutoka "Paukwa" mpaka funzo limwingie mtoto

Iwe darasani Mikindani au barazani Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania, mambo huharibika palepale. Msimulizi anasimulia Sungura na Kobe vizuri, watoto wanacheka, kisha anauliza: "Haya, tunajifunza nini?" Kundi zima linajibu kwa sauti moja: "Tusidharau wenzetu!" Dakika tano baadaye walewale wanamzomea mwenzao aliyekosea hesabu ubaoni. Jibu lao lilikuwa sahihi, ila funzo halikuingia.

Wazazi na walimu wengi wakifika hapo hudhani wamekosa kipaji, hawana sauti ya bibi. Sauti haina kosa. Kosa ni kwamba funzo limewekwa kwenye sentensi ya mwisho, wakati mahali pake ni ndani ya tukio, pale mhusika anapoamua. Hatua zinazofuata zinaonyesha namna ya kulirudisha huko.

## Vitu vya kuandaa

- Hadithi moja. Ukisimulia mbili usiku mmoja, ya pili huifuta ya kwanza.
- Daftari na kalamu. Utaandika sentensi saba tu.
- Wasikilizaji 5 hadi 15. Kama darasa lina watoto 60, simulia kwa wote, lakini maswali ya mwisho yafanyike kwa vikundi vya watano watano.
- Dakika 25. Tatu za vitendawili, kumi za hadithi, zinazobaki za mazungumzo. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 6, hadithi isizidi dakika tano.
- Mkeka au jamvi, na taa moja. Taa ya sola au chemli ikae mbele yako, imulike uso na mikono yako. Ikiwa nyuma yako, watoto wanaona kivuli kinachozungumza, na wadogo wataogopa kabla Fisi hajatokea.
- Kitu kimoja cha kushika: kifuu, kanga au korosho ghafi. Kimoja kinatosha, vikiwa vitatu watoto watavigombania.

## Hatua ya 1: Chagua tabia kwanza, hadithi baadaye

Wengi hufanya kinyume: wanakumbuka hadithi tamu, kisha wanaitafutia funzo. Anza na kile unachotaka mtoto akifanye, na ukiandike kama kitendo. "Uaminifu" ni neno la kwenye bango. "Kusema ukweli hata ukijua utagombezwa" ni kitendo, na kwenye hadithi kinaweza kuonekana kikifanyika au kikikosa kufanyika.

Andika tabia moja tu. Ukitaka hadithi moja ifundishe bidii, heshima, umoja na usafi, utaishia kuhubiri, kwa sababu hakuna tukio moja linaloweza kuyabeba yote.

Utajua umefaulu ukiweza kumaliza sentensi hii bila kusita: "Baada ya hadithi hii nataka mtoto, akikutana na ____, afanye ____."

## Hatua ya 2: Kagua hadithi inafundisha nini kwa kweli

Hatua hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo usiiharakishe. Jiulize maswali mawili: nani anashinda mwishoni, na anashinda kwa kitendo gani? Jibu la swali la pili ndilo funzo ambalo mtoto ataondoka nalo, hata ukisema vingine kwa mdomo.

Sungura na Kobe. Hadithi hii ina njia mbili, na watu huzichanganya. Katika ile inayohusishwa na Aesop wa Ugiriki ya kale, Sungura analala, Kobe anaendelea kutembea mpaka anafika. Katika ile inayosimuliwa sehemu nyingi za Afrika, Kobe anawapanga ndugu zake njiani. Kila Sungura akiita, "Kobe, uko wapi?" mwingine anaitika mbele yake, "Niko hapa!" Ya kwanza ni hadithi ya kutokata tamaa. Ya pili ni hadithi ya ujanja wa wanyonge wakishikamana, na kwa jicho la mtoto ni hadithi ya kudanganya na kushinda. Ukisimulia ya pili kisha ukamaliza na "polepole ndio mwendo", watoto hawatakubishia, lakini hawatakuamini pia.

Hata ile ya kwanza ina shimo. Mtoto mwerevu atasema Kobe alishinda kwa sababu Sungura alilala, yaani kwa bahati. Dawa yake ni kumpa Kobe nafasi ya kuacha: amkute Sungura amelala chini ya mkorosho, kivuli kizuri, miguu inamuuma, naye apite. Bila tukio hilo Kobe hajaamua lolote, ametembea tu.

Sungura na kisima. Kwa watoto wa Newala na Tandahimba, ambako maji ya uwandani ni shida inayojulikana kila nyumba, hadithi hii haihitaji maelezo. Ukame umekuja, wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba, kisha usiku anakuja kuiba maji. Kobe anapakwa ulimbo mgongoni, anajificha kisimani, Sungura anakanyaga na kunasa. Wasimulizi wengi huendelea: Sungura anawalaghai wanyama, anachomoka, anakimbia. Sasa funzo limegeuka. Ukiishia kwenye ulimbo, umefundisha kwamba asiyechimba hanywi. Ukiendelea mpaka akatoroka, umefundisha kwamba mjanja hakamatiki. Zote ni hadithi halali. Amua mapema unakatia wapi.

Chungu na Panzi. Chungu, yule mdudu wa jamii ya sisimizi, anaweka akiba, Panzi anaimba, njaa inakuja, Panzi ananyimwa. Huku Kusini hadithi hii ina miiba miwili. Kwanza, Panzi akilaumiwa kwa kuimba, unawaambia watoto waliokulia kwenye ngoma kwamba ngoma ni uzembe. Pili, Chungu anamfungia mlango mwenye njaa, jambo ambalo bibi yeyote wa hapa angelikemea. Mlaumu Panzi kwa kukosa ghala, siyo kwa wimbo wake. Na kama tabia uliyoandika kwenye hatua ya 1 si "kuweka akiba" bali "kugawana", tafuta hadithi nyingine, hii itakuangusha.

Kijana aliyepiga kelele za uongo. Tabia yake ni kusema ukweli, na imenyooka kabisa. Angalizo lake liko hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Ipunguze mpaka sentensi saba

Hadithi iliyokaa kichwani kama maneno marefu huvunjika mtoto mmoja akikohoa. Iliyokaa kama matukio saba hurudi yenyewe. Mfano wa kuanzia ni ule wa njia mbili zilizomshinda fisi:

1. Fisi ana siku tatu hajala.
2. Jioni ananusa harufu ya nyama, anaifuata.
3. Anafika njia panda.
4. Harufu inatoka kulia, na kushoto pia inatoka.
5. Anajiuliza: nikienda kulia, ya kushoto si italiwa na wengine?
6. Anaweka miguu ya upande mmoja njia hii, ya upande wa pili njia ile, anaanza kutembea.
7. Njia zinazidi kuachana, Fisi anapasuka msamba.

Sasa tafuta sentensi ambayo mhusika angeweza kufanya lingine, uizungushie duara. Hapa ni ya tano. Tuiite njia panda ya hadithi, na kwa Fisi bahati nzuri ni njia panda kweli. Kila kitu kabla yake kinamfikisha pale. Kila kitu baada yake ni malipo.

Onyo: kama umesoma sentensi zako saba na hukuona pa kuzungushia duara, hadithi hiyo ina mkosi au bahati tu, haina uamuzi. Itachekesha, lakini usiitegemee kwa funzo.

## Hatua ya 4: Ihamishie kwenu

Hadithi za Ulaya huja na theluji, mbwa mwitu na majumba ya wafalme. Mtoto wa Ruangwa akikwama kwenye "theluji ni nini" ameshatoka kwenye hadithi. Badilisha mandhari, lakini usiguse njia panda wala malipo.

Kijana wa kelele za uongo mwache alinde shamba la mihogo. Badala ya mbwa mwitu, wawe nguruwe. Anapiga debe, "Nguruwe! Nguruwe!" Watu wanaacha kazi, wanakuja na mapanga, wanamkuta anacheka. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu nguruwe wamekuja kweli, naye anapiga debe mpaka mkono unamuuma. Wasikilizaji wote wanajua kupiga debe shambani kunasikika mpaka wapi na ni nani angepaswa kuja, kwa hiyo ukimya unaofuata wanausikia.

Angalizo: katika masimulizi mengine kijana mwenyewe analiwa. Kwa walio chini ya miaka 7 usifike huko. Mihogo yote ikiliwa inatosha, na iwe mihogo ya familia nzima, ili dada yake ambaye hakusema uongo naye alale njaa. Malipo yanayomgusa asiye na kosa huwauma watoto kuliko kifo cha mkosaji.

Mambo mengine ya kubadilisha haraka: Chungu awe na akiba kutoka msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, na njaa ije katikati ya masika kabla mazao mapya hayajakomaa. Mfalme awe sultani au jumbe. Anapohitajika mkubwa wa kuamua jambo la ukoo, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua mjomba hukaa vizuri kwenye kiti hicho kuliko mfalme.

Halafu kuna mama wa kambo. Hadithi nyingi za kale za Ulaya zinamfanya mwovu, na za kwetu pia zipo. Kabla hujamtumia, jiulize nani amekaa mkekani. Kama kuna mtoto anayelelewa na mama wa kambo, na aghalabu yupo, umempelekea vita nyumbani kwake. Mbadilishe awe jirani mwenye choyo. Hadithi haitapoteza kitu.

## Hatua ya 5: Fungua mlango

Anza na vitendawili vitatu vyepesi. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Kazi yake si mapambo: vinawazoesha kujibu, na wewe unamwona aliyechoka, anayetaka kutawala, na anayejua ila anaogopa.

Kisha: "Paukwa!" "Pakawa!" Au: "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo!" Wengine huongeza "uongo njoo, utamu kolea." Fuata uitikio wa mtaa wako, usiwafundishe mwingine usiku huohuo. Mara mbili zinatosha. Ukiita mara tano, unakuwa kama kipaza sauti cha gari la matangazo.

Kama hadithi ina wimbo na watoto wanazungumza Kimakonde au Kimwera nyumbani, wimbo ubaki kwa lugha hiyo hata kama hadithi ni ya Kiswahili. Wimbo uliotafsiriwa hupoteza mapigo, na mapigo ndiyo yanayokumbukwa.

## Hatua ya 6: Simulia, na usimame njia panda

Tuchukue Kima na Papa, hadithi ya pwani inayokubalika vizuri kuanzia Kilwa mpaka Msimbati. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Kila siku anakula makuyu na kumrushia Papa aliye chini. Urafiki unakua. Siku moja Papa anamwalika kwao, Kima anapanda mgongoni, wanaondoka.

Mpaka hapo nenda kwa mwendo wa kawaida. Wakifika katikati ya bahari, punguza sauti. Usipandishe, sauti ikishuka watoto husogea.

"Rafiki yangu, nikwambie kweli," Papa akasema. "Sultani wetu anaumwa. Dawa yake ni moyo wa kima."

Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka nne. Nne ni ndefu, utajisikia vibaya, na wengi hukimbilia kuendelea wakifika mbili. Vumilia. Kisha uliza:

"Wewe ungekuwa mgongoni mwa Papa, nchi kavu huioni, ungefanyaje?"

Pokea majibu matatu, usisahihishe lolote. Watoto wa Msangamkuu wanaojua maji watakwambia, "Ningepiga mbizi." Jibu ukiwa ndani ya hadithi: "Papa naye anaogelea." Mwingine atasema, "Ningelia." Sawa, endelea. Wakishatafuta njia na kukosa, ndipo maneno ya Kima yanapata uzito:

"Loo, si ungeniambia tukiwa bado pwani! Sisi tukisafiri, mioyo yetu tunaiacha mtini. Wangu uko mkuyuni."

Papa anageuza. Wakifika, Kima anaruka tawini, na harudi tena chini.

Wale wa miaka 10 na zaidi waongezee kisa ambacho Kima anamsimulia Papa akiwa juu ya mti, cha punda wa dobi. Punda huyu aliponea chupuchupu kwa Simba, akashawishiwa na Sungura kurudi, akaliwa. Simba alipouliza uko wapi moyo na masikio yake, Sungura aliyekwisha kuyala akajibu kwamba punda hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Kwa watoto wadogo kiache. Hadithi ndani ya hadithi huwapoteza.

Mambo matatu ya kukwepa unaposimulia:

Kutaja hisia. Usiseme "Kima aliogopa sana." Kaza vidole kama aliyeshika pezi. Wataona.

Kubadilisha sauti kwa kila mnyama. Sauti mbili zinatosha. Ukizidisha, katikati utazichanganya, na watoto wataacha hadithi wakucheke wewe.

Kueleza neno katikati. Kama "mkuyu" haueleweki, onyesha mti huo mchana kabla ya hadithi.

## Hatua ya 7: Funga bila kuhubiri

Sema "Hadithi yangu imeishia hapo," kisha nyamaza kidogo. Swali la "tunajifunza nini?" lipumzishe. Watoto wameshajifunza kulijibu, kama wanavyojua kusema "Shikamoo" bila kukuangalia usoni. Tumia haya badala yake, kwa mpangilio huu:

1. Ni wapi angeweza kufanya lingine?
2. Nani aliumia na hakuwa na kosa?
3. Umewahi kuona jambo kama hili? Usitaje jina la mtu.

Swali la kwanza linawarudisha njia panda. La pili huwagawanya, na kugawanyika ni kuzuri: kwenye Kima na Papa, wengine watasema aliyeumia ni sultani mgonjwa. Usiwanyamazishe, maana hapo ndipo wanapopima. La tatu ndilo linalotoa hadithi mkekani na kuipeleka nyumbani, kwa hiyo lisikose hata kama muda umekwisha. Afadhali ulikate la pili.

Onyo kubwa: usimwonyeshe mtoto kidole. "Umesikia? Fisi ni kama wewe unavyokula!" Sentensi hiyo moja inaua hadithi nzima. Mtoto huyo atajitetea badala ya kufikiri, na wenzake watamwita Fisi mpaka amalize shule.

Mtoto akitoa funzo lisilo lako, kwa mfano, "Nimejifunza nisiwe na rafiki," usiseme "hapana". Uliza: "Kima alimjuaje Papa kabla ya safari?" Atarudi kwenye tukio mwenyewe. Asiporudi, mwache, huenda hadithi imemgusa mahali usipopajua.

## Hatua ya 8: Rudi baada ya siku tatu

Usipime usiku uleule, kwa sababu utapima kumbukumbu ya masikio tu. Siku ya tatu mwombe mtoto mmoja awasimulie wenzake, nawe ukae nao mkekani.

Dalili na tiba zake:

- Anakumbuka vichekesho, hakumbuki uamuzi. Ulipita njia panda mbio. Rudia hatua ya 6, hesabu mpaka nne kweli.
- Anakumbuka mafunzo ya mdomo, hakumbuki matukio. Ulihubiri. Simulia tena hadithi ileile, mwishoni usiseme kitu.
- Anamshangilia mkosaji. Rudi hatua ya 2, angalia ulikatia wapi.
- Watoto wakubwa wanasema ni hadithi ya kitoto. Waambie watetee kesi ya mkosaji kwa dakika mbili. Sungura wa kisimani hupata mawakili wazuri sana.

Akibadilisha majina na mandhari, usimkatize. Fisi akiwa bodaboda aliyepokea abiria wawili wa njia tofauti, mmoja wa Mikindani na mwingine wa Nanyamba, na njia panda akasimama asijue ampeleke nani kwanza, hadithi bado ni nzima. Sikiliza tu kama amesimama palepale pa sentensi ya tano.